Tonge la Mwisho la Kulungu

Inspekta Ciril Zobec hakuwa na kofia ya kijani. Hakuwa na mbwa, hakuwa na darubini, hakuwa na viatu vya kuingilia msituni, wala hakuwa na babu aliyewahi kuua hata sungura. Hakuwa na risasi iliyomuua Izidor Mohar, maana iliingia mgongoni, ikatokea kifuani, ikapotelea bondeni chini ya majani ya miaka mingi. Hakuwa na shahidi. Hakuwa na mtu hata mmoja katika bonde la Jelenja Draga aliyemwambia neno moja zaidi ya lile alilouliza. Na kubwa kuliko yote, hakuwa na siku. Ilikuwa Jumatano asubuhi, na Ijumaa saa sita mchana mwendesha mashtaka angempelekea mshukiwa karatasi ya kukiri kosa ili aitie sahihi.

Alichokuwa nacho ni mshukiwa mwenyewe, na mshukiwa alikuwa tayari kutia sahihi.

Radovan Šega aliketi upande wa pili wa meza, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, fundi wa lifti, aliyehamia kijijini kwa mkewe miaka minne iliyopita. Katika kijiji kile asiyewinda hana wa kunywa naye, kwa hiyo akajiandikisha uanagenzi. Mwaka mzima alibeba mawe ya chumvi ya wanyama, akapigilia misumari vichanja vya kuvizia wanyama vilivyooza, akafagia kibanda cha wawindaji, na mwezi Mei akafaulu mtihani. Jumapili iliyopita ndiyo siku yake ya kwanza kumwelekezea bunduki mnyama aliye hai. Izidor Mohar, mzee wa miaka sitini na minane aliyekuwa mwalimu wake, alikaa naye kichanjani.

"Nieleze tena," Zobec alisema.

"Nimeeleza mara sita."

"Waliokusikiliza hizo sita ni wawindaji. Mimi si mwindaji. Nieleze kama unavyomweleza mjinga."

Radovan akashusha pumzi. "Saa moja kasoro robo kulungu akatoka mitini. Pembe zake zina matawi kumi na manne. Izidor akaninong'oneza, 'Huyo ndiye wako. Pumua kwanza.' Nikapumua. Nikapiga. Kulungu akaruka, akarudi mitini."

"Halafu?"

"Nikavuta komeo la bunduki, ganda likaruka, kama nilivyofundishwa. Nilitaka kushuka. Izidor akanishika mkanda, akasema keti. Mtu anasubiri muda wa sigara moja, mnyama afe kwa amani. Yeye havuti, lakini alikuwa na sigara ya kuwapimia wanagenzi. Akaiwasha, akaishika, tukaitazama ikiungua mpaka mwisho."

"Kisha?"

"Akashuka peke yake kufuata damu. Akaniambia nisitoke mpaka aniite. Zilipita kama dakika kumi. Nikasikia mlio."

"Wa bunduki?"

"Ndiyo." Akatazama meza. "Nadhani."

"Unadhani?"

"Jumapili nilikuwa na hakika. Sasa kila mtu ananiambia mlio ule ulitoka mikononi mwangu. Kwamba niliona kitu kinatembea mitini, nikapiga, na kichwa kimekataa kukumbuka. Wanasema huwatokea wanagenzi. Bwana Inspekta, bunduki yangu ilikutwa tupu. Magazini yake inachukua risasi tano. Ganda lililookotwa kichanjani ni moja. Nne zimekwenda wapi?"

"Ulipakia ngapi?"

"Sikupakia mimi. Izidor ndiye aliyepakia, kungali giza, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Kama alitia tano, nani mwingine amezimaliza?"

"Mtu hapigi risasi nne akazisahau."

"Wanasema nilipiga moja ya pili, zilizobaki nikazitupa kwa hofu. Ganda la pili limepenya katikati ya mbao, limeanguka chini." Alizungumza kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine. "Mke wangu anasema nikiri, kifungo kitapungua. Mimi nimechoka. Nitatia sahihi."

"Ngoja Ijumaa."

"Ijumaa kuna nini?"

"Kabla yake kuna Alhamisi," Zobec alisema, akafunga faili.

* * *

Mtu pekee aliyekubali kumpeleka Zobec msituni alikuwa Milka Turk, mwanamke wa miaka sabini mwenye mbwa mwekundu mfupi wa kufuata damu, aliyeitwa Bistra. Milka ndiye aliyesaidiana na Izidor kuwafundisha wanagenzi. Alimkuta Zobec chini ya kichanja, aliyekuwa akikwangua majani kwa reki tangu saa mbili, na chombo cha kutafutia chuma kikilia kila alipogusa msumari.

"Hivyo viatu umeviazima kwa bwana harusi gani?" aliuliza.

"Ni vya kazini, mama."

"Na kofia huna. Kulungu watauona huo upara toka upande wa Kroatia."

"Upara ni wa serikali. Siruhusiwi kuufunika."

Milka hakucheka, lakini alilegeza kamba ya mbwa. Zobec alikuwa amepiga magoti. Chombo kililia tena. Akafukua kwa vidole, akatoa ganda la risasi, akalifuta kwa leso na kulilinganisha na picha iliyokuwa mfukoni. Saizi ni ile ile ya bunduki ya Radovan. Hili lingekuwa ndilo ganda la pili la Radovan.

"Lete," Milka alisema. Akaligonga kwenye kiganja chake. Likatoka vumbi, na kifurushi kidogo cheupe kama pamba. "Buibui ametaga humu, watoto wameshatoka na nyumba wameiacha. Unadhani amefanya hayo tangu Jumapili? Hili ni la miaka miwili mitatu. Kila mwanagenzi wa Izidor amekalia kichanja hiki, na kila mmoja ameacha ganda lake moja."

"Kwa nini moja?"

"Kwa sababu alipewa risasi moja."

Zobec akainuka. "Rudia hapo."

"Izidor hampi mwanagenzi zaidi ya risasi moja. 'Mwenye tano anapiga, mwenye moja anafikiri.' Nimelisikia neno hilo miaka ishirini, mpaka nimelichoka."

"Zinazobaki?"

"Anazitia mfukoni mwake. Mfuko wa ndani, wenye kifungo, ili zisigongane zikapiga kelele."

"Mama Milka, siku tatu nazunguka na hesabu ya risasi nne. Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Uliuliza?"

"Sikujua la kuuliza."

"Basi hiyo ndiyo tabu ya mwanagenzi," Milka alisema. "Twende, mchana hautungoji."

Waliishuka njia ya damu. Damu yenyewe ilikuwa imeshanyeshewa, lakini kila mahali Izidor alipoiona alikuwa ametundika kipande kidogo cha karatasi nyeupe kwenye kijiti, kama mwindaji mzoefu anavyofanya ili asipotee akirudi nyuma. Zobec alivihesabu: vipande ishirini na sita. Cha ishirini na sita kilikuwa hatua moja kutoka mahali mwili ulipoanguka. Mbele yake hapakuwa na kipande kingine.

"Kulungu alikuwa wapi?"

Mbwa ndiye aliyejibu. Bistra aliwavuta mbele hatua arobaini, wakavuka gogo lililooza, wakaingia kwenye kishimo chenye majani yaliyolaliwa. Izidor hakufika pale. Aliuawa akiwa bado anamtafuta.

Zobec akatoa bahasha ya picha zilizopigwa na mafundi wa polisi Jumapili saa tatu asubuhi. Alimpa Milka moja baada ya nyingine. Ya nne Milka aliishikilia.

"Nani amempa?" aliuliza.

"Amempa nini?"

"Hujui unachokitazama?" Akamwonyesha kwa kidole. Kulungu amelala ubavu, na kitawi cha mti kimepita mdomoni mwake toka upande mmoja hadi wa pili.

"Nilidhani alianguka akila."

"Masikini ya Mungu! Hilo ni tonge la mwisho. Ukiua mnyama wa namna hii unavunja kitawi, unamtia mdomoni, unavua kofia, unasimama kimya kidogo. Ni chakula chake cha safari. Asiyefanya hivyo si mwindaji, ni mchinjaji. Kuna watu wa bonde hili ambao wangesahau kumzika mama mkwe, lakini hilo hawasahau."

"Radovan anasema hakumfikia kulungu. Alimkuta Izidor amelala, akamtikisa, akakimbilia barabarani kupiga simu."

"Na Izidor hakufika."

"Labda mmoja wenu alikuja baadaye, kabla ya picha."

"Polisi wenu walituzuia wote barabarani. Herman, mkuu wetu, alikaribia kupasuka kwa hasira. Hakupita hata mmoja mpaka saa saba." Milka aliileta picha karibu na macho yake. "Halafu tazama hapa. Hiki ni kitawi cha msonobari. Tazama juu yako. Unaona msonobari?"

Zobec akatazama. Kila upande ilisimama miti ya majani mapana, yenye magome laini ya kijivu kama ngozi ya tembo.

"Mti huu hauna heshima hiyo," Milka alisema. "Ni msonobari au mwaloni, na yote miwili iko ng'ambo ya kilima. Mtu huyu alikuja na kitawi chake. Na hakikuvunjwa Jumapili. Nusu ya sindano zimepukutika, zilizobaki zina rangi ya kutu. Msonobari hauwi hivyo kwa saa mbili."

"Mtu anatembeaje na kitawi kikavu?"

Milka akavua kofia yake, akamwonyesha utepe ulioizunguka. "Ukiua, mwenzako anachovya kitawi kwenye damu, anakupa juu ya kofia, unakichomeka hapa kulia. Mahali pengine wanakitoa jioni. Sisi hapa kinakaa mpaka kidondoke chenyewe."

"Basi wiki iliyopita nani alikuwa na kitawi kofiani?"

Milka aliivaa kofia, akakunja kamba ya mbwa mara mbili mkononi.

"Mimi nimo katika chama hiki cha wawindaji mwaka wa thelathini na moja," alisema. "Waume zetu, mazishi yetu, harusi zetu, vyote humo humo. Usinitake nitaje jina. Daftari la mawindo liko kibandani, na kusoma unajua."

Walipanda kilima. Juu kabisa, alipofungua mlango wa gari, Milka aliongeza: "Yule fundi wa lifti anapiga vizuri. Nilimfundisha mimi."

* * *

Katika chumba cha vielelezo, Zobec alitandika karatasi nyeupe mezani na kuomba mfuko namba saba. Orodha ilisema: "Koti la marehemu, mfuko wa ndani: risasi nne." Hakuna neno lingine. Sajini aliyeiandika alikuwa mwindaji toka utotoni. Kwake yeye risasi mfukoni mwa mwindaji ni kama funguo mfukoni mwa mwenye nyumba, na hakuna polisi anayejaribu kila ufunguo.

Zobec alizipanga risasi nne juu ya karatasi. Kando yake akaweka moja iliyotolewa kwenye bunduki ya Izidor mwenyewe, bunduki ya zamani iliyokutwa imelala chini yake bila kupigwa. Ya Izidor ilikuwa nene na fupi. Nne za mfukoni zilikuwa nyembamba na ndefu, ndugu wa ganda lililookotwa kichanjani.

Nne na moja ni tano.

Akamwita sajini. "Hizi zinaingia kwenye bunduki ya Izidor?"

Sajini akazitazama. Shingo yake ikaanza kuwa nyekundu. "Haziingii, mkuu."

"Za nani?"

"Za... za mwanagenzi."

"Andika saa uliyonijibu hivyo, utie sahihi."

Kisha akaomba mfuko namba kumi na moja: "Kipande cha mti kutoka mdomoni mwa mnyama." Kitawi kilikuwa kirefu kama kidole cha kati. Chini ya mfuko zilijikusanya sindano zilizopukutika. Upande mmoja damu ilikuwa imeganda vizuri; upande wa pili, karibu na mahali kilipovunjwa, palikuwa na doa jembamba, jeusi, lililopasukapasuka. Zobec alikipeleka maabara yeye mwenyewe, akangoja risiti, akaandika ombi lake kwa maneno machache: damu ya nani, na ya nani.

Jibu lilikuja Alhamisi alasiri, kwa simu. Daktari wa maabara alikuwa na mafua.

"Damu ni za wanyama wawili, Inspekta. Ile nyingi ni ya kulungu wako, nimelinganisha na nyama yake. Doa la chini ni la zamani zaidi, na si la kulungu. Ni la paa."

"Zamani kiasi gani?"

"Siwezi kukuapia siku. Lakini lilikuwa limeshakauka kabisa kabla ya hiyo ya pili kulifikia."

"Radovan Šega hajawahi kuua paa."

"Hilo damu haisemi," alijibu daktari, akapiga chafya. "Maandishi utayapata jioni."

Zobec alimpigia mwendesha mashtaka, akamweleza. Upande wa pili sauti kavu ikasema: "Risasi za mfukoni zinanisumbua, nakubali. Lakini kitawi hakina jina. Nipe mtu, na unipe kwa maandishi, kabla ya saa sita kesho. Mshukiwa wako mwenyewe ameniomba nisichelewe."

* * *

Ijumaa saa mbili asubuhi moshi ulikuwa unapanda nyuma ya kibanda cha wawindaji. Herman Kljun alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa ya nje, mikono ya shati imekunjwa, akichemsha fuvu la kulungu. Pembe zilitokeza juu ya maji, matawi kumi na manne. Kljun alikuwa mkuu wa mawindo, mtu mnene wa miaka sitini na miwili. Yeye ndiye aliyegawa nani aende wapi na apige nini, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na tisa.

"Mgeni amekuja mapema," alisema bila kugeuka. "Kahawa iko ndani. Viatu ufute."

Zobec aliingia, akafuta viatu, akafungua daftari la mawindo lililokuwa mezani. Alisoma kurudi nyuma. Kulungu wa Jumapili alikuwa bado hajaandikwa. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Alhamisi ya wiki iliyopita: paa dume mmoja, Herman Kljun. Kabla ya hapo hakuna kitu mpaka mwisho wa Septemba. Akafungua daftari la pili, ambalo kila mtu huandika jina, mahali na saa kabla ya kuingia msituni na bunduki. Jumapili palikuwa na mstari mmoja tu, kwa mwandiko wa Izidor: yeye, Šega, kichanja cha bondeni, saa kumi na moja na nusu.

Kofia ya Kljun ilining'inia kwenye msumari. Zobec aliishusha, akaipeleka dirishani. Upande wa kulia wa utepe palikuwa na alama ya utomvu, na ndani ya mkunjo zilinasa sindano tatu za msonobari, za rangi ya kutu. Akatoka nayo nje.

"Kulungu alipigwa vizuri?" aliuliza.

"Vizuri sana." Kljun aliondoa povu kwa kijiko kirefu. "Nyuma ya bega. Alikwenda hatua mia na kidogo, akaanguka. Bahati ya mjinga."

"Nani alimpa tonge la mwisho?"

Kijiko kiliendelea kuzunguka. "Izidor, nani tena."

"Izidor hakumfikia."

"Basi yule mwanagenzi wake. Alifundishwa."

"Alifundishwa kutumia kitawi chenye damu ya paa?"

Kljun sasa aligeuka. Aliitazama kofia mikononi mwa Zobec, kisha akamtazama usoni.

"Wewe unajua nini? Umeanza uwindaji lini?"

"Jumatano."

"Jumatano!" Kljun akacheka, cheko fupi. "Kitawi changu kilidondoka njiani. Vinadondoka."

"Kilidondoka mdomoni mwa kulungu. Ulizuiwa barabarani Jumapili pamoja na wenzako, na hukumkaribia kulungu mpaka saa saba. Picha ni ya saa tatu. Zilikuwa dakika hamsini baina ya mlio wa pili na askari wa kwanza. Mtu aliyekuwepo dakika hizo alikuwa na kitawi kofiani, na mwezi huu kitawi alipewa mtu mmoja tu. Utomvu upo, sindano zipo. Nitazipeleka maabara. Nimekuja kwanza kwako kwa sababu saa sita mtu atatia sahihi kwamba amemuua mwalimu wake."

Maji yalichemka. Kljun aliangalia pembe.

"Unazijua hizi zina miaka mingapi?" alisema hatimaye. "Kumi na miwili. Saba kati ya hiyo nimemtazama mimi. Majira ya baridi nilimbebea mahindi begani, theluji ikiwa kiunoni. Mara mbili nilimwona karibu kama huo mlango, na mara mbili nilishusha bunduki. Nilisema, akomae. Mwaka huu amekomaa. Tukapiga kura, kura ikamwangukia Izidor. Sawa. Izidor ni mwindaji. Naye akasimama mkutanoni, akampa fundi wa lifti!"

"Ilikuwa haki yake kutoa."

"Haki!"

"Kwa hiyo ulitangulia."

"Nilitaka kumwona tu kabla hajapigwa."

"Na bunduki?"

Kljun aliuchochea moto.

"Izidor alikukuta," Zobec alisema.

"Alikuja akitundika vikaratasi vyake. Akaniona. Akatazama bunduki, akatazama uso wangu. Akasema, 'Herman, hukuandika daftarini. Leo jioni nitakuandika mimi.' Hakupandisha hata sauti. Unajua maana yake? Kufutwa chamani. Miaka arobaini, na kufutwa mbele ya watu niliowafundisha kushika bunduki. Nikamwomba. Akanipa mgongo, akainama kutafuta damu, kana kwamba nimeshaondoka."

"Ukampiga."

Kljun aliinua kijiko, akakiacha kidondoshe maji, akakilaza kwa uangalifu juu ya jiwe.

"Halafu ukaenda kwa kulungu," Zobec alisema. "Mwalimu amelala, mwanagenzi yuko kichanjani hatua mia na ishirini, anaweza kushuka wakati wowote. Ulikuwa na njia ya kuondoka. Ukaenda hatua arobaini zaidi."

"Ningemwacha mdomo mtupu?" Kljun aliuliza. Sauti yake ilikuwa na mshangao wa kweli. "Mnyama yule?"

"Izidor ulimwacha."

Kljun alimtazama Zobec, akaitazama kofia, akautazama msitu uliokuwa nyuma ya kibanda. Walipokuja askari wawili waliokuwa wakingoja barabarani, alinyoosha mikono mwenyewe. Hakuomba kofia.

* * *

Saa nne na nusu Zobec aliketi kwenye meza ya kibanda. Asingeweza kuondoka: mafundi walikuwa bado njiani, na hakuna kitu kilichopaswa kuguswa. Kutoka pale hadi mjini ni dakika hamsini. Dereva wa polisi alisimama mlangoni na funguo mkononi.

Zobec aliandika kwa kalamu, kwa herufi zilizosimama:

"Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka. Naambatanisha: taarifa ya maabara kuhusu kielelezo namba kumi na moja, taarifa ya risasi nne, kielelezo namba saba, nakala ya kurasa mbili za madaftari ya chama, na maelezo ya Herman Kljun, aliyoyatoa mbele yangu leo asubuhi na kuyatia sahihi mbele ya askari wawili. Kofia yake nimeifungia, na itafuata.

"Bunduki ya Radovan Šega ilikuwa na risasi moja. Aliipiga kwa kulungu na ikampata. Hakuwa na ya pili. Naamini hahusiki na kifo cha Izidor Mohar, na naomba aachiwe leo.

"Naomba jambo jingine, ambalo si la kisheria. Kwa siku tano mtu huyu ameambiwa na watu wengi alichokifanya, mpaka amekikumbuka. Asipewe tu karatasi ya kuachiwa. Mtu amsomee kwa sauti, polepole, kwamba alipiga mara moja."

Aliisoma barua. Akafuta neno "Naamini", juu yake akaandika "Nimethibitisha", na kando ya marekebisho akatia herufi za jina lake. Kisha akaikunja mara tatu pamoja na viambatanisho, akaitia ndani ya bahasha ya kahawia, akalowesha ulimi wa bahasha na kuubana kwa ngumi. Akapiga mhuri mara mbili juu ya mshono.

"Mkononi mwake," alimwambia dereva. "Si kwa karani."

"Akiwa kwenye kikao?"

"Mtoe kwenye kikao."

Dereva aliitia bahasha ndani ya koti, akafunga zipu hadi kidevuni. Gari liliwaka, likageuka kwenye changarawe, likashika njia ya mjini.